"Mama, Huyu Anataka Nini?"

Siku tuliyovunja kufuli la sanduku, baba alikuwa amekaa palepale kitandani, mkongojo mkononi, akitutazama. Fundi aliweka tindo kwenye kufuli, akapiga nyundo mara moja, akasita. "Mzee ameridhia?" akaninong'oneza. Sikuwa na jibu. Ufunguo baba aliuficha mwenyewe, miezi mitatu nyuma, ili wezi wasiuone. Tulikuwa tumeshapekua magodoro, gunia la mchele, viatu vyake vya zamani, mpaka banda la kuku. Kila tukimwuliza anajibu bila wasiwasi, "Uko mahali salama."

Nikamwambia fundi apige tu.

Baba alikuwa fundi wa karakana ya reli hapa Morogoro. Kazi aliianza enzi za reli ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akabaki na TRC, shirika la reli la Tanzania, akastaafu 2004 akiwa na miaka 60. Wazee wa Jumuiya walifuatilia mafao yao zaidi ya miaka 25, na baba aliona nani alihangaika kuliko wenzake: aliyepoteza karatasi. Tangu hapo hakutupa hata risiti ya misumari. Sisi watoto tulilijua lile sanduku la bati kama watoto wengine wanavyoijua kabati ya vyombo vya wageni, unaliona kila siku na huligusi.

Lilipofunguka tulikuta kila kitu. Barua ya toleo la kiwanja cha Kihonda. Risiti za kodi ya ardhi zimepangwa mwaka kwa mwaka, zimefungwa kwa uzi wa katani. Cheti cha ndoa. Vitambulisho vya mfuko wa pensheni. Na chini kabisa, ndani ya bahasha ya kaki, wosia, pamoja na stakabadhi ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, kuonyesha kwamba nakala nyingine imehifadhiwa huko. Kaka yangu akakaa chini kwa furaha. "Basi," akasema, "mzee ametumalizia kazi."

Wosia ule ameuandika vizuri, kwa mkono wake ulionyooka kama reli, na mashahidi wametia saini, wa ukoo na mtu baki, kama Tangazo la Sheria za Mila la 1963 linavyotaka. Lakini wosia huanza kusema mwenyewe akishafumba macho. Sisi tulikuwa na mzee aliye hai, anayekunywa uji asubuhi, anayehitaji dawa, pampasi za watu wazima, na mtu wa kukesha naye kwa sababu saa tisa usiku huamka akavaa koti aende zamu. Baba alikuwa ameyaandalia mazishi yake kila kitu. Miaka ya kabla ya mazishi hakuiandalia hata ukurasa mmoja.

Na sisi hatukumwuliza. Hilo ndilo linaloniuma. Kumwambia mzazi, "Siku ukishindwa kusaini, nani akusainie?" kwetu huitwa kuchuria, kama kumwita ndege wa mkosi juu ya paa. Nilijaribu mara moja, mwaka 2019, tukiwa barazani tunapukuchua mahindi. Baba alisimamisha mikono, gunzi bado liko kiganjani, akanitazama. "Umeota nini, mama?" Ananiita mama tangu utotoni kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nikasema sijaota kitu, nikaendelea kupukuchua. Wakati ule akili yake ilikuwa nzima. Saa moja kwa mwanasheria ingetosha.

Ugonjwa ulikuja polepole. Akamlipa muuza maziwa mara mbili kwa siku moja. Akakosea namba ya siri ya simu mpaka fedha zikafungiwa. Daktari alipotuambia ni demensia, maradhi ya ubongo, majirani watatu walikuwa wameshatuelekeza kwa waganga. Katikati ya hayo baba akakosa uhakiki wa wastaafu, pensheni ikasimama, na kadi ya benki haikujulikana ilipo. Nayo tuliikuta sandukuni, imefungwa kwenye leso.

Kadi bila namba ya siri haikutusaidia, kwa hiyo nikamchukua baba mwenyewe kwa bajaji mpaka benki. Alivaa shati jeupe. Dirishani binti mmoja mpole akampa fomu, akamwonyesha mahali pa kusaini. Baba alishika kalamu vizuri kabisa, kama mtu anayejua kazi yake. Akaiweka juu ya mstari. Ikakaa pale. Binti akamwuliza tarehe yake ya kuzaliwa. Baba akanigeukia, macho yamejaa woga ambao sikuwahi kuuona kwake, akasema, "Mama, huyu anataka nini?"

Mpaka leo sijui alikuwa ananiita mimi au anamwita mama yake.

Binti akairudisha fomu taratibu. "Dada, samahani. Mzee haelewi anachosaini. Siwezi." Nilitoka pale nikiwa na hasira ya kumlaani. Leo namshukuru. Kukataa kwake ndiyo ngome aliyobaki nayo mzee yeyote ambaye wanawe si waaminifu, na benki haina namna ya kujua wanawe ni wa aina gani.

Kaka akasema dawa ni hati ya uwakilishi. Tukaenda kwa wakili. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatuuliza swali moja tu: "Mkimweleza mzee hati hii inampa nani madaraka gani, ataelewa?" Tukatazamana. Akatufafanulia kwamba hati hiyo huitoa mtu mwenye akili timamu, na hata kama baba angekuwa ameitoa miaka mitano nyuma, ingekoma siku akili ilipomtoka, kwa sababu sheria ya mikataba inasema uwakala hukoma aliyeutoa akifa au akirukwa na akili. Inamfaa mtu aliyevunjika mguu, au anayesafiri. Baba angefaidi zaidi, wakili alisema, kama mapema angefungua na mama akaunti ya pamoja ambayo yeyote kati yao anaweza kutoa fedha. Kwa hali tuliyofikia imebaki mahakama.

Usiku ule kaka alizungumza jambo ambalo siwezi kumlaumu sana, maana na mimi lilikuwa limenipitia. Baba analala. Kidole gumba ni chake. Wino upo. Nyumba ingewekwa rehani, mzee akauguzwa kwa raha. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso. "Mkono wa mume wangu hauibiwi ndani ya nyumba hii," akasema. Kisha akatukumbusha kwamba nyumba ni ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja aiweke rehani bila ridhaa ya mwenzake. "Yangu siitoi. Na yake hana uwezo wa kuitoa. Sasa mtaweka rehani kitu gani?"

Tukaenda mahakamani. Ripoti ya daktari, viapo, ndugu kuarifiwa, shangazi kuja kutoka Kilosa kusema hana pingamizi, shauri kuahirishwa, kurudi tena. Miezi hiyo tuliishi kwa mchango. Kaka aliuza pikipiki. Mimi nilikopa kwenye kikoba. Mlezi tulimlipa shilingi 150,000 kwa mwezi, na kuna mwezi tulimlipa kwa mahindi. Hatimaye mama akateuliwa kusimamia mali ya baba, kwa sharti la kutunza hesabu. Amenunua kaunta buku. Jioni anaandika: sabuni, dawa, nauli, ndizi mbivu za mzee. Ameanza kufanana na baba kwa kutunza risiti.

Wiki mbili baada ya hukumu mama aliniamsha mapema. Alikuwa ameshavaa, pochi kwapani, ana miaka 73 na hakuna kinachomsumbua zaidi ya magoti. Akaniambia ana akiba yake ya vikoba na kuuza vitenge, na anataka tuifungulie akaunti yetu watatu, yeye, kaka na mimi, ili asaini mmoja fedha zitoke. Kutoka huko tupite kwa wakili. Nikaanza kusema, "Lakini mama, wewe mbona mzima," nikajisikia nilivyosema, nikaenda kutafuta bajaji.

Dirishani tulimkuta binti yuleyule. Hakutukumbuka, au alijifanya. Alimsomea mama masharti yote polepole, akamsogezea fomu, akamwuliza, "Mama, umeelewa unachosaini?"

"Nimeelewa, mwanangu," mama akamjibu, huku akivaa miwani. "Ndiyo maana nimekuja leo."