Wageni Wenye Karatasi za Maswali

Vårby gård, kitongoji cha manispaa ya Huddinge, kusini-magharibi mwa Stockholm, ambacho treni ya chini ya ardhi ilikifikia mwaka 1972, kimejaaliwa bahati ambayo matajiri wa kitongoji cha Djursholm hawakuipata: kinapendwa mno na wataalamu. Tangu mwaka 1997 sheria ya Sweden imevifaradhishia vyuo vikuu, juu ya kufundisha na kutafiti, wajibu wa kushirikiana na jamii. Na madhali faradhi sharti itimizwe, na madhali maendeleo endelevu aghalabu hutafutwa kwa wale wasiomiliki hata baiskeli, maulamaa huwashukia wenyeji na miradi yao na karatasi zao za maswali, wakawauliza kwa taadhima kubwa kama wanajihisi wameshirikishwa.

Chuo Kikuu cha Södertörn, kilichoasisiwa mwaka 1996, kimo katika manispaa iyo hiyo, pale Flemingsberg, ila treni ya Vårby gård haifiki huko, na mkaazi atakaye kumzuru mshirika wake hana budi kupanda basi au kubadili treni. Huenda masafa hayo yana hekima yake, maana ushirika wa watu waonanao kila siku hauhitaji ripoti.

Na mwenyeji akithubutu kuuliza yalikoishia majibu yake ya mwaka jana, maulamaa humwambia yamekwisha kuchapishwa, tena kwa Kiingereza fasaha, katika jarida lisomwalo na maulamaa wenzao. Akiomba ukumbi wa vijana ufunguliwe hadi usiku, hilo, kwa masikitiko makubwa, limo nje ya mipaka ya mradi.