Kwa Yeyote Anayehusika na Miguu Yetu

Wizara ya Afya,
Afya House,
Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: MAZOEZI YA VIUNGO KWA WATU WA RIKA ZOTE, MTITO ANDEI

Nakuandikia kutoka Mtito Andei. Naamini unapafahamu, maana kabla hujapewa gari lenye bendera ulikuwa ukipanda basi kama sisi, na basi la Mombasa halipiti hapa bila abiria kushuka kujinyoosha. Tuko nusu ya safari. Tsavo Magharibi iko upande huu, Tsavo Mashariki iko upande ule, na katikati tumebanwa sisi pamoja na barabara kuu, reli ya mkoloni, reli ya Mchina na, siku hizi, presha.

Kwamba nina presha nilijua kwa hisani yenu. Tangu Septemba 2023, mlipowagawia wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye mashine za kupimia, hatuna tena pa kujificha. Wa mtaa wetu ni mama mmoja asiyecheka ovyo. Alinifuata dukani, akanifunga ule mkanda mkononi, mashine ikanguruma, ikatulia. Akaitazama, akanitazama mimi, kisha akakitazama kiti changu kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

"Hapo unakaa tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi saa kumi na mbili."

"Mpaka?"

"Mpaka nifunge."

Akaniamuru nitembee dakika thelathini kila siku, mwendo wa kutoa jasho. Sina ugomvi naye. Hayo ndiyo yanayosemwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2020: mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki, mtoto dakika 60 kila siku, na aliyetimiza miaka 65 aongeze mazoezi ya kumwezesha kusimama imara asianguke, siku tatu kwa wiki au zaidi. Naandika basi kukuarifu jinsi Mtito Andei inavyotekeleza maagizo hayo. Ikiwa vyeti vinatolewa, tutashukuru.

Watoto wetu wamepita kiwango kabla kengele ya kwanza haijalia. Huenda shule wakifuata ukingo wa barabara kuu, mmoja nyuma ya mwingine, mikoba mgongoni. Trela likija huku lingine likilipita, huruka mtaroni wote kwa pamoja, kisha hupanda tena, hukung'uta vumbi na kuendelea na hadithi yao pale ilipokatikia. Kuna mbio fupi pia, za kuvuka. Mkubwa huwashika wadogo mikono, wote hutazama kulia, kushoto, kulia tena, halafu hutimka. Sijawahi kuona mtoto wa Mtito Andei akivuka barabara kwa kutembea.

Wakifika shuleni hupumzishwa. Ratiba ina kipindi cha Elimu ya Viungo, kimeandikwa vizuri kwa rangi, lakini kila aliyesoma katika nchi hii anajua kwamba kipindi hicho ni akiba ya mwalimu wa Hisabati ambaye hajamaliza silabasi. Mtaala mpya umefungua hata mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo kwa sekondari ya juu. Tumefurahi. Mtoto wetu atasomea sayansi ya kukimbia, aandike insha kuhusu kukimbia, atahiniwe kuhusu kukimbia, ilimradi asikimbie wakati wa Hisabati.

Kwa kina mama sina la kuongeza. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, na mwanamke wa vijiji vyetu huubeba mgongoni, ukanda umepita kipajini, kutoka kisimani hadi nyumbani, isipokuwa punda akiwa katika hali ya kuelewana. Msimu wa kuchimba matuta ukifika, wanakikundi wa mwethya, chama chetu cha kusaidiana kazi, huingia shambani na majembe na sepetu kuchimba fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake hurushwa upande wa juu wa mlima, wala si wa chini. Jaribu kurusha udongo juu ya mlima tangu asubuhi hadi adhuhuri, Mheshimiwa, kisha uniambie kuhusu gym. Uchunguzi wenu wenyewe wa mwaka 2015 ulikuta kwamba Wakenya wasiofikisha kiwango cha mazoezi hawafiki hata mmoja katika kila kumi. Ajabu ilioje! Taifa zima la wanariadha, na wengi wao wanafanya mazoezi kwa sababu bomba halina maji.

Ila takwimu nazo zina ukaidi. Mwaka 2022 utafiti wa kitaifa wa afya ukaonyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa miaka 20 hadi 49, wenye uzito uliozidi ni 45. Si lazima wawe wale wa mtungi na jembe. Wengi ni wale ambao maisha yamewasogeza kando ya lami: muuza duka, fundi cherehani, mwenye hoteli, karani. Nasi wanaume tupo. Dereva wa trela hukaa kitini kutoka bandarini hadi hapa, hushuka, hutembea hatua zinazomfikisha kwenye nyama choma, hurudi kitini. Kijana wa bodaboda ana miaka 22 na kiuno cha mjumbe. Hukaa juu ya pikipiki akisubiri mteja, akimpata hukaa juu ya pikipiki akimpeleka. Hawa ndio wanaohitaji zile dakika thelathini. Mimi pia. Tatizo limeanzia hapo.

Nilivaa raba, nikatoka. Sikufika mbali kabla kijana wa bodaboda hajasimama ubavuni. "Mzee, twende?" Nikamwambia siendi popote, natembea tu. Akazima injini. "Kwani kumetokea nini?" Mbele kidogo, mteja wangu wa miaka mingi aliniuliza kwa sauti ya matanga kama duka limepigwa mnada. Wa tatu alinipa shilingi hamsini ya nauli, nami, kwa kuwa biashara ni ngumu, nikaipokea. Mtu mzima anayetembea bila mzigo na bila safari ni habari katika mji huu, na afadhali mimi. Mwanamke mwenye rika langu akionekana anakimbia jioni, watu hawamtazami yeye. Wanatazama nyuma yake, waone anayemfukuza.

Ningeweza kuvumilia udaku. Nilichoshindwa kukipata ni mahali pa kuweka mguu. Barabara kuu ina nafasi ya trela linalokwenda, trela linalorudi na basi linalotaka kuyapita yote mawili. Mimi nimeachiwa kokoto. Kila mwaka, katika hesabu za mamlaka ya usalama barabarani, kundi linaloongoza kwa vifo ni la watu wa miguu, nami nimeshaambiwa kwamba presha pekee yatosha kuniua. Ndani ya mji, uwazi wote umeegeshwa malori. Njia iliyobaki ni ile ya kuelekea mpakani mwa mbuga, yenye upepo safi, ndege, na mkufunzi.

Nimtambulishe mkufunzi. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu wapatao 15,000 katika eneo lote la Tsavo, na baadhi yao wamejitolea kutuzoeza. Huja usiku mahindi yanapobeba, au ndengu zinapokaribia kuvunwa. Basi utaona rika zote zimeshiriki kama mnavyotaka: baba anapiga mabati, mama anagonga sufuria, vijana wanawasha tochi na kupiga miluzi, babu anatupa kijinga cha moto, kisha mkufunzi akigeuka na kutanua masikio, wote wanaingia katika kipengele cha mbio. Hakuna anayelalamika kwamba magoti yanauma. Ada yake ni magunia kadhaa ya mahindi kwa usiku mmoja. Akimuua mtu, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inataja fidia ya shilingi milioni tano. Kwa maandishi ni pesa, kwa vitendo ni faili.

Usidhani namchukia. Namwonea wivu. Reli mpya ilipopita Tsavo, ndovu alijengewa njia za kupitia chini ya tuta, pana na ndefu, asije akagongwa na treni. Mwaka 2016 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na lile la Save the Elephants yaliwafunga baadhi yao mikanda ya shingoni yenye GPS, wajue wanapita wapi na wanakwama wapi. Yaani ndovu wa Tsavo ana kile ambacho tajiri wa Nairobi hununua na kuvaa mkononi: chombo cha kufuatilia hatua zake. Wataalamu walikaa, wakatazama ramani za mwendo wake, wakajifunza kwamba mnyama hutembea pale palipo na njia. Mwanafunzi wa darasa la nne anayevuka barabara kuu kila asubuhi hajawahi kufungwa mkanda wowote.

Wazee nimewaacha mwisho, nao watanisamehe kwa sababu hawana haraka. Mazoezi ya kusimama imara mnayoyahubiri, nyanya zetu walikuwa nayo. Kilumi, ngoma ya jadi ya Ukambani, ilipigwa usiku kucha, na mwanamke wa miaka sabini aliicheza kwa mabega, kiuno na nyayo hadi mchezaji kijana akatafuta kiti. Wahubiri wakaja, wakaona mapepo. Kilumi ikarudi nyuma, nyanya wakakalishwa kwenye viti vya plastiki, na sasa mnatutumia ujumbe kwamba wazee wanapaswa kuchangamsha viungo. Nashauri jambo dogo: ngoma irudishwe chini ya jina la mradi. Ikiitwa "programu ya kuzuia kuanguka kwa wazee", hata mchungaji ataifungua kwa maombi.

Na tafadhali msituletee tena hotuba ya kwamba Kenya ni nchi ya wakimbiaji. Twajua. Ukambani imemtoa Cosmas Ndeti, aliyeshinda Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995, na Patrick Makau, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin mwaka 2011. Medali zao hazijapunguza presha ya mtu yeyote katika safu yetu ya maduka. Mwezi Mei 2022, Nairobi waliwaachia watu ile barabara yao ya kulipia ya juu kwa juu wakimbie marathoni. Nilizitazama picha kwa simu, kitini mwangu: lami tupu, pana, hakuna honi. Kwa hiyo barabara inaweza kuwangoja watu. Sikuwa najua.

Mheshimiwa, nimeutafuta ule mpango wa dunia wa kuhimiza mazoezi, wa 2018 hadi 2030, ambao serikali zote ziliahidi kuufuata. Una malengo manne. La kwanza ni jamii, la pili ni mazingira, la tatu ni watu, la nne ni mifumo. Mazingira yametangulia watu: njia za miguu, viwanja, mahali salama pa kupita. Ninyi mmeanzia la tatu. Mmenijia mimi na kiti changu, mkairuka barabara yote iliyo mbele ya duka.

Sasa tunasikia habari za Usahihi, barabara ya kulipia itakayotoka Nairobi hadi Mombasa. Mkikutana na wachoraji, naomba muwaulize swali moja. Michoro ya ndovu naamini wanayo. Je, kuna tundu hata dogo la binadamu, kimo cha mtoto mwenye mkoba? Tukipewa na kiwanja chenye ua, ambacho mwakilishi hatakigawa viploti wala lori halitalala ndani, hatutaomba mtutumie mabango ya kutuhimiza. Hata yule kijana wa bodaboda atateremka mwenyewe. Jumapili ukimpa mpira hukumbuki kwamba ndiye.

Hadi hapo, karibu utembee nasi. Uje na raba, na uache ving'ora Kibwezi. Shuka stejini saa kumi na moja jioni, twende dakika kumi na tano na kurudi kumi na tano, kama alivyoagiza mhamasishaji wenu. Walinzi watabaki garini, kwa kuwa ukingo hautoshi watu wawili sambamba. Tutafuatana kwa mstari, wewe mbele kwa heshima. Honi ikilia usigeuke kutazama, ruka kwanza. Ukiulizwa kama umefutwa kazi, jibu kwamba ni mazoezi, na nauli ukipewa usikatae. Lakini usichelewe kufika. Saa kumi na mbili na nusu giza huingia, na zamu inakuwa ya mkufunzi.

Wako mtiifu, kadiri presha inavyoruhusu,

Mwenye Duka,
Mtito Andei.

Nakala:
Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA);
Serikali ya Kaunti ya Makueni;
Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), limsomee mhusika mwenye mkanda.