Miwani ya Msimbazi

Huko Marekani, kampuni ya STRIVR, iliyoanza 2015, iliwavisha wachezaji wa futiboli yao miwani ya uhalisia pepe, warudie mchezo bila kutoka jasho. Eti teknolojia! Vijiwe vya kahawa Kariakoo vinatoa huduma hiyo tangu enzi za redio. Mzee, kikombe mkono huu, kashata mkono ule, anakuonyesha straika alipokosea: "Angeufungua mguu hivi, kipa analala kule!" Anazungusha kiuno, kahawa haimwagiki. Uwanja wa Mkapa hajaukanyaga, ila kocha lazima afukuzwe, ikiwezekana kabla ya swala ya alasiri. Isitoshe, miwani yao huonyesha hata bao la mtani. Ya kwetu, iwe ya mashabiki wa Jangwani au wa Msimbazi, humwonyesha refa tu.