Mawaziri kwa Penseli

Vijana wa Umoja na Kayole wanaojinoa kwa mahojiano ya Tume ya Utumishi wa Umma, nawashauri muandike majina ya mawaziri kwa penseli. Wino ni wa kaunti 47; hizo angalau zimetulia. Tarehe 11 Julai 2024 Rais Ruto aliwafuta kazi mawaziri wote, akambakiza Musalia Mudavadi. Mkafuta kurasa nzima. Raba haijapoa, kadhaa wakarudishwa, Kindiki akiwemo. Oktoba Seneti ikamwondoa Naibu Rais Gachagua, na huyo huyo Kindiki akashika nafasi yake. Futa tena, ndugu yangu.

Na swali la "unamjua nani huko ndani?" Hilo halimo daftarini. Huulizwa na mama mboga, huku akikukatia sukuma.