Jinsi ya Kujipima Mwaka Mzima na Kubaki Ulivyo

Umeamua mwaka huu kufuatilia afya yako: hatua, maji, usingizi, uzito, presha. Uamuzi mzuri. Ukifuata mwongozo huu bila kukosea, Desemba utakuwa na takwimu za kumwaga na suruali zilezile zisizofunga.

1. Anza na vifaa. Nunua kaunta buku nene, rula, kalamu za rangi na saa ya kuhesabu hatua. Chora jedwali la safu kumi na tano. Likikumalizia Jumamosi nzima, liandike kwenye safu ya mazoezi.

2. Lenga hatua 10,000 kwa siku. Usiulize zilikotoka. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichobeba idadi hiyo katika jina lake. Jina la bidhaa likageuka amri ya daktari. Shirika la Afya Duniani lenyewe hudai angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ziepuke: ukitembea kwa haraka dakika 22 kila siku umezimaliza, na kisingizio kimekwisha. Saa ikigoma kwenye 6,200, kaa kwenye kochi utikise mkono mpaka tamthilia iishe.

3. Andika chakula kwa busara. Chapati iliyoliwa wima haihesabiki. Mabaki ya sahani ya mtoto ni kuzuia hasara. Pilau ya harusi ni heshima kwa wenye shughuli. Chumvi inatakiwa isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, lakini usijisumbue: ya mchuzi ni ya mpishi, na ile anayoimwaga muuza chipsi kutoka chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa ni yake mwenyewe.

4. Pima presha ukihema. Toka kwenye kahawa, panda ngazi mbiombio, kunja nne, kisha simulia mechi ya Simba na Yanga mkono ukiwa unabanwa. Ikija 150 kwa 95, laumu mashine. Usithubutu kutulia dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono usawa wa moyo. Hapo hutoka namba ya kweli, nayo ikiwa kubwa hukupeleka kwa daktari.

5. Usisome ulichoandika. Kuanzia Machi jaza wiki nzima Jumapili jioni, kwa kukisia. Ukianza kusoma utagundua mambo: siku unazoamka umechoka ni zile ulizokesha na simu mpaka saa saba usiku, na uzito hupanda mshahara ukitoka. Utashawishika kufuta safu kumi na nne, ubaki na moja, ubadilishe hiyo tu. Kibaya zaidi, utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa tabia mpya huzoeleka kwa kama siku 66, wengine mapema, wengine baada ya miezi mingi, na kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu. Ukiliamini hilo, utaachaje kwa sababu ya Jumanne moja?

6. Toa ripoti. Desemba tuma picha ya jedwali kwenye kundi la ukoo. Mjomba akiuliza umepungua kilo ngapi, mwambie, "Shikamoo mjomba, takwimu bado zinachakatwa."