Simu Isiyosema na Mji Usemao

Ibn Battuta, aliyepita pwani hii ya Oman katika karne ya 14 baada ya kuizuru Kilwa, aliisifu Tiwi kwa vijito vyake na mashamba yake ya migomba; ama kuhusu ndimi za wenyeji alinyamaza, nadhani kwa kuwa msafiri hakai mahali muda wa kutosha hata akasemwa.

Mimi ninayekaa nilitamani faragha, nikaona nianze na simu, ambayo yajua niendako na nimpendaye kuliko wazee wangu walivyopata kujua. Mfumo niliouchagua waitwa GrapheneOS, na ajabu yake ya kwanza ni kuwa atakaye kuikimbia Google hana budi kununua simu ya Google yenyewe, kwani nilipoupandisha mimi ulikuwa haukubali kukaa ila juu ya Pixel. Ukishapanda, programu za Google ukizihitaji waweza kuziweka, lakini zimevuliwa ubwana wote: hupokewa kama mgeni wa barazani, ambaye kahawa atakunywa na halua atakula, bali pazia la ndani halivuki. Ramani ikakubali hali hiyo, na programu ya hali ya hewa pia, ambayo mtu akaaye mdomoni mwa wadi, bonde lifurikalo mvua inyeshapo, hathubutu kuikosa.

WhatsApp nayo ikatii, kwa sharti la ajabu kidogo. Mfumo huu hukuachia uipe programu yale majina uyatakayo tu, na yaliyobaki ikayaona kana kwamba hayajazaliwa. Nami nilikuwa nimeyaruhusu machache mno. Siku moja ikaingia salamu kutoka Unguja, tarakimu tupu na picha ya waridi, lile waridi ambalo nusu ya jamaa zangu wa kike wamejitundikia, nikajibu kwa adabu zote, "Samahani, nani mwenzangu?"

Alikuwa shangazi. Sauti yake ikaja imerekodiwa, ndefu kama hotuba ya Ijumaa: "Leo wewe ndiye wa kuniuliza mimi nani? Mimi niliyekuogesha?"

Programu ya benki ndiyo iliyoleta balaa khasa. Ilifunguka, ikachungulia huku na huku, ikataka hati ya ushuhuda ambayo hutolewa kwa mifumo iliyoidhinishwa tu, na ilipoikosa ikafunga mlango bila ya kuaga. Kichekesho ni kuwa simu kuukuu isiyopata marekebisho ya usalama kwa miaka yaweza kuwa na hati hiyo, ikapita kwa taadhima, ilhali hii iliyokomewa kwa makomeo saba hurudishwa kama mwizi. Basi kila nilipotaka kupeleka fedha nikawa napanda gari kwenda Sur, kwenye tawi, nikarudi jioni.

Sasa tazama majirani walivyoyaunga mambo hayo. Kibao cha nambari ya siri katika simu hii, ukikiamrisha, hupanga tarakimu upya kila kinapotokea, ili mwenye kukuangalia vidole asiambulie kitu. Mwenye duka aliniona nikitafuta tarakimu zangu huku na huku kama mtu aliyepotewa na shanga, akauliza, nami nikamweleza kwa ufasaha kabisa kuwa haja yangu ni siri isitoke. Mtu aulinzaye hivyo mkono wake, aendaye Sur akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, tena aliyewasahau hata shangazi zake, ana nini kama si mke wa pili? Habari ilizunguka mabarazani, ikavuka bahari, ikarejea kwangu kutoka Unguja imekwisha ongezewa mtoto wa kiume. Wala hapana hata neno moja la khabari hiyo lililotoka katika simu yangu.

Mke wangu aliisikia mwisho. Hakugomba, wala hakuomba kuifunua simu. Aliniandalia chakula, akakaa, akauliza kwa upole kama huyo wa Sur anajua kusonga bokoboko, maana yeye mwenyewe amechoka, na Idi i karibu.