Shangazi wa Bandarini: Kwanza Ulize Utalala Wapi

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tunafanya kazi Dubai. Kupiga mbizi tulijifunza Nungwi wakati wa fungate, na sasa tumedunduliza pesa tukakae wiki nzima ndani ya boti kwenye Bahari ya Shamu, upande wa Misri. Mume amepata boti mbili. Ya kwanza ina sitaha nne, jakuzi juu kabisa, na picha zake zinameremeta. Ya pili ni fupi, pana, na choo chake hata kwenye picha kinasikitisha. Bei zinakaribiana. Namwonea haya kumnyima jakuzi lake. Nifanyeje? — Mke wa Jakuzi*

Marahaba mwanangu. Ndoa nyingi zimefika kwenye meza hii zikiwa na matatizo makubwa kuliko jakuzi, lakini lako nalipa uzito, kwa sababu jakuzi lenyewe lina uzito, na hilo tutalifikia. Wewe umezoea mbizi za kwetu: asubuhi mnatoka hotelini, boti inawafikisha Mnemba, mnazama mara mbili, na mchana mnarudi kula pweza ufukweni. Boti ya namna hiyo ni usafiri tu. Ikiwa mbovu, unaistahimili saa chache, kila mtu yuko macho na nchi kavu inaonekana. Boti ya kulala ni jambo jingine kabisa. Hata ukizama mara nne kwa siku, kila mara ikichukua kama saa moja, muda wako wa majini haufiki hata robo ya siku. Saa zinazobaki unazimalizia juu ya mbao, na nyingi kati ya hizo umelala fofofo huku boti ikisafiri gizani kutoka mwamba huu kwenda mwingine. Ndiyo maana nasema swali la kwanza kuhusu boti hizi halihusu papa, matumbawe wala choo. Mwulize mwenye boti: saa tisa za usiku, mimi nikiwa nimelala, nani yuko macho, na mimi natokea wapi?

Najua mtasema Shangazi anatisha watu, basi tutazame yaliyotokea. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2019, boti ya wapiga mbizi iitwayo Conception ilikuwa imetia nanga kando ya kisiwa cha Santa Cruz, California. Abiria walikuwa wamelala kwenye chumba kimoja kikubwa chini ya sitaha. Moto ukazuka sebuleni, juu ya vichwa vyao. Chumba kilikuwa na njia mbili za kutokea, ngazi na tundu la dharura, na zote mbili zilitokea kwenye sebule ileile iliyokuwa ikiwaka. Watu 34 walikufa. Mabaharia watano waliolala sitaha ya juu waliokoka. Chanzo cha moto hakikuthibitishwa, maana boti iliteketea na kuzama, lakini wachunguzi walisema bila kumung'unya maneno kwamba hapakuwa na baharia wa zamu aliyezunguka usiku ule, ingawa sheria ilimtaka awepo. Nahodha alitiwa hatiani mwaka 2023. Juni ya mwaka huohuo, boti Hurricane ikashika moto asubuhi karibu na mwamba wa Elphinstone, hukohuko unakotaka kwenda, na Waingereza watatu wakafa. Kisha ikaja Sea Story. Iliondoka bandari ya Port Ghalib, Misri, tarehe 24 Novemba 2024 ikiwa na watu zaidi ya 40, na kabla jua la siku ya pili halijachomoza ikapinduka. Gavana wa mkoa alisema ilizama ndani ya dakika tano hadi saba, na baadhi ya abiria hawakuwahi kutoka vyumbani mwao. Watu 11 walikufa au hawakuonekana tena. Wengine watano walitolewa hai siku iliyofuata kutoka ndani ya boti hiyo. Ukiwaweka wote hawa pamoja, humwoni aliyeuawa na papa, wala aliyeponzwa na kina, wala aliyeishiwa hewa mtungini. Walikuwa ndani ya boti, na wengi wao walikuwa vitandani.

Sasa tuje kwenye jakuzi. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na jakuzi la watu sita likijaa hukaribia tani hiyo, mara nyingine huipita. Manahodha wa majahazi ya pwani yetu hawakuhitaji chuo kikuu kujua kwamba kizito hukaa chini. Jahazi likikosa shehena lilitiwa farumi ya mawe ngamani ili lisiyumbe, na hakuna aliyepandisha magunia juu ya foromali ili abiria wafurahi. Boti nyingi za kitalii hufanya kinyume chake: kila mwaka mwenye boti huongeza ghorofa, kivuli, vitanda vya kuotea jua na baa, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyopendeza pichani, ilhali farumi haijawahi kupigwa picha na mtu yeyote. Uzito ukipanda juu, boti hukawia kurudi wima inapoinamishwa na wimbi. Na maji ya jakuzi yana ukorofi wao wa ziada: boti ikilala upande, nayo hukimbilia upande uleule kuisaidia ilale zaidi. Sisemi kwamba Sea Story ilipinduliwa na ghorofa zake. Hilo ni la wachunguzi. Nasema kwamba kati ya boti zako mbili, ile fupi na pana yenye choo cha kusikitisha imeanza kunipendeza. Mume naye asinyimwe kabisa: muulizeni mwenye boti kama jakuzi humwagwa kabla ya safari ya usiku, na kama boti ilipimwa upya uthabiti wake baada ya ghorofa ya juu kuongezwa. Jibu la maswali hayo mawili litawaambia mengi kuliko picha mia.

Msomaji wa Mombasa, anayejiita Mtu wa Sheria, ameniandikia kwa ukali kidogo. Anasema serikali zipo, wakaguzi wapo, boti ikiwa na cheti yatosha, na kumhoji nahodha kuhusu milango yake ni utovu wa adabu. Mwanangu, cheti ni cha lazima, wala sikushauri upande boti isiyo nacho. Lakini Sea Story, kwa maelezo ya wakuu wa Misri wenyewe, ilikaguliwa Machi 2024 ikapewa cheti cha mwaka mmoja, na mwaka ulipokuwa haujaisha ilikuwa chini ya bahari. Conception nayo ilikuwa na karatasi zake zote. Zile njia mbili zilizotokea kwenye moto mmoja zilikuwa halali kisheria, na watu walipokwisha kufa ndipo Marekani ikabadilisha kanuni. Cheti hueleza boti ilivyokuwa bandarini siku ya ukaguzi, mchana, injini imezimwa. Hakikuambii nani anasinzia usukani usiku wa Jumanne. Wala upya wa boti usikulaghai: Sea Story ilikuwa na umri wa miaka miwili hivi.

Kuna hoja yenye nguvu zaidi, na imeletwa na kijana wa Arusha mwenye akili za hesabu. Anasema boti za namna hii hutoka kila wiki, kwenye Bahari ya Shamu, Maldivi, Indonesia na Thailand, na karibu zote hurudi na watu wake wote. Barabara ya kwenda uwanja wa ndege, anasema, ni hatari kuliko boti. Huenda amesema kweli, na ndiyo sababu sijamwambia mtu asiende. Lakini wastani wa boti zote hauelei, mwanangu. Inayoelea ni ile moja utakayoipanda. Hatari haikugawanywa sawasawa. Boti yenye milango miwili inayotokea sehemu mbili, mlinzi wa usiku na ving'ora vya moshi vilivyounganishwa, ili cha jikoni kikilia vya vyumbani navyo vilie, si sawa na boti isiyo na hayo, hata kama zote zinatangazwa kwenye ukurasa mmoja kwa bei moja. Barabarani huna uwezo wa kumchagua dereva wa lori linalokuja mbele yako. Hapa unachagua, na kuuliza hakukugharimu hata senti.

Wapo pia walioniandikia kwamba ajali ni majaaliwa. Sibishani na imani ya mtu. Naongeza tu kwamba wazee waliosafiri kwenda Maskati na kurudi walimtegemea Mungu kwa dhati, na bado walingoja upepo wao ugeuke, walikalafati majahazi yao na waliweka mtu wa zamu usiku. Na sisi wa pwani hii tusijifanye haya ni mambo ya Wazungu na vinyago vyao vya kuzamia. Septemba 2011, meli ya abiria Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba ikiwa imepakia kupita kiasi. Bahari ilikuwepo, na Mungu alikuwepo, lakini pia alikuwepo mtu aliyeruhusu pandikizi lile la mzigo lipande.

Maswali yenyewe, basi, muandikieni wakala kwa maandishi kabla ya kutuma amana. Kutoka chumba chetu, njia ya pili ya kutokea iko wapi, na inafikia sehemu gani ya boti? Usiku anayezunguka ni nani, na mchana anafanya kazi gani? Swali hili la mwisho wengi hulisahau. Boti ya bei rahisi hupunguza mabaharia kabla ya kupunguza samaki mezani, na kijana aliyejaza mitungi tangu alfajiri, akaendesha mashua ya mpira mchana kutwa na kuosha vyombo jioni, hawezi kukesha, hata umwandike zamu kwa wino wa dhahabu. Ulizeni betri huchajiwa wapi. Wapiga mbizi wa siku hizi wana tochi, kamera na simu, zote za lithiamu. Baada ya Conception, walinzi wa pwani wa Marekani waliwashauri wenye boti wapunguze kuchaji betri bila mtu wa kuziangalia. Jibu zuri ni meza moja ya kuchajia, mahali pa wazi, karibu na mtu aliye macho, na umeme wake unazimwa usiku. Jibu baya ni soketi kando ya mto wako, ambayo kwenye tangazo imeandikwa kama anasa. Mwisho, ulizeni safari ikivurugwa na hali ya hewa mnarudishiwa nini. Kabla Sea Story haijaondoka, idara ya hali ya hewa ya Misri ilikuwa imetangaza bahari kuchafuka na kushauri shughuli za baharini zisitishwe. Nahodha ambaye kughairi kunamla mshahara ataiona bahari shwari kila siku.

Wakala atanuna? Huenda. Mwenye boti nzuri hufurahia maswali haya, kwa kuwa amegharimia majibu yake na kwa kawaida hakuna anayemuuliza. Anayekujibu kwa kukutumia tena picha ya jakuzi, naye amejibu.

Mengine ni madogo, nayapitia mbiombio. Ninyi mmetoka Nungwi na vyeti vya mwanzo, kina chenu ni mita 18, kwa hiyo msijiandikishe safari ya visiwa vya Brothers au Daedalus kwa tamaa ya kuwaona papa mbingusi. Huko Misri hutaka mtu awe na mbizi 50, mkondo una nguvu, na hakuna pwani ya kukimbilia. Njia ya kaskazini, yenye Ras Mohammed na meli Thistlegorm iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1941, ina mbizi nyepesi zaidi, ingawa meli yenyewe iko kwenye kina kinachowapita kwa sasa na inabidi mjiendeleze kwanza. Hewa yenye oksijeni asilimia 32 ni nzuri kwa mbizi za kurudiarudia, ila ina mpaka wake, mita 33 hivi, na inahitaji somo lake. Baada ya siku kadhaa za kuzama, ndege ingoje angalau saa 18. Ratiba inayowazamisha asubuhi na kuwapeleka uwanjani jioni itupeni. Chakula? Hakuna aliyewahi kurudi Dubai akiwa amekonda kutoka boti ya Misri.

*Shangazi, mimi nimeshalipa, na pesa hairudi. Boti yenyewe sasa naitilia shaka. — Aliyechelewa, Maskati*

Pole mwanangu, bado una kazi ya kufanya jioni ya kwanza. Omba chumba cha juu badala ya cha chini, hata kama kina kelele na kiyoyozi kinachokoroma. Vya chini ndivyo milango yake huwa mbali na hewa. Tembea kutoka kitandani hadi njia zote mbili za kutokea, kisha zitembee tena umefumba macho, ukihesabu ngazi kwa mkono. Tundu la dharura lifungue kwa mikono yako mwenyewe, kwa sababu mengi hukutwa yamewekewa godoro au sanduku la mapezi juu yake. Tochi yako ya kuzamia isilale kwenye kapu la vifaa sitahani; lala nayo, pamoja na jaketi la kujiokolea. Ukiamka usiku kwenda haja ndogo, panda juu uone kama kuna mtu macho, na kesho yake umwambie nahodha ulichokiona, mbele ya abiria wengine, wakati wa chai. Na bahari ikiwa tulivu, omba godoro ulale sitahani. Kwenye Bahari ya Shamu wageni wengi hufanya hivyo kwa ajili ya nyota, na hakuna atakayekuuliza wewe unafanya kwa ajili ya nini.